Je, nitapata pensheni ya askari ambaye hatujaoana naye?

Swali: Nimeishi na askari wa jeshi hapa Malindi miaka 11. Tuna watoto wawili, ila hatujafunga ndoa. Mungu akimchukua, nitapata pensheni yake?

Jibu: Dada yangu, watoto wana msingi imara, kwani Katiba haiwabagui kwa ndoa ya wazazi. Wewe ndiwe uliye hatarini: sheria za pensheni humtaja mjane, na mjane ni aliyeolewa. Watakuambia miaka mingi yatosha, na kweli mwaka 1976, katika kesi ya Hortensia Yawe, mahakama ya rufaa ilimtambua mwanamke aliyeishi na marehemu miaka tisa. Lakini tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu iliubana mlango huo: lazima ithibitike kwamba mlikusudia kuoana, kwamba sheria iliwaruhusu, na kwamba watu waliwajua kama mume na mke. Mzigo wa ushahidi ni wako, tena ukiwa matangani, mbele ya mashemeji wanaokukana. Naona ni ukatili kwa aliyeitunza nyumba, ila ndiyo sheria iliyopo. Basi msingoje. Iwe ni mahari ya Kigiriama au ndoa ya kadhi, isajilini, kisha ahakikishe jina lako limo katika kumbukumbu zake jeshini.