Madirisha Mapya kwa Nyumba Kuukuu

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wengi mlitarajia insha ya methali kutoka kwangu. La, mwaka huu naandika juu ya madirisha. Msicheke! Nyumbani kwetu Msambweni jambo hili limetugawa kambi mbili tangu masika, na pesa za nazi zilizowekwa zatosha kununua mara moja tu. Tukikosea, mimi na wadogo zangu wawili tunaolala chumba kimoja ndio tutakaopikika.

Kwanza lugha. Neno dirisha tulilipata kutoka Kiajemi. Zile mbao mbili za wima pembeni huitwa miimo, ubao unaofunguka ni ubawa, bawaba ndiyo inayoushika ubawa huo, nalo komeo ndilo la kufungia. Shikeni maneno haya, fundi akija hamtababaika.

Nyumba yetu aliijenga babu kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Unene wa ukuta wapata dhiraa moja. Madirisha yake ni ya mbao tupu, mbawa mbili mbili, bila kioo. Sasa mengine hayafungi na mengine yameliwa na mchwa. Ami yangu ashikilia tutie alumini ya kusukuma, yenye vioo vya rangi, kama zile nyumba mpya za Diani. Nyanya naye asema, "Hilo ni dirisha la kutazamia, si la kupumulia."

Nilidhani nyanya ni mkaidi tu. Kumbe hesabu iko upande wake. Ami alitangulia kutia la kusukuma chumbani mwake, basi nikachukua futi nikalipima. Tundu la ukutani ni sentimita 120 kwa 120, yaani mita mraba 1.44. Lakini dirisha la kusukuma lina vioo viwili, na kimoja hujificha nyuma ya mwenzake. Hata ulifungue mpaka mwisho, upepo wapata nusu tu, mita mraba 0.72! Mbawa mbili zinazofunguka kwa nje hukupa karibu tundu zima. Luva, vile vibao vya kioo vinavyolala na kusimama, nazo hupitisha sehemu kubwa.

Hapo ongeza wavu wa mbu. Kwetu Kwale wavu si urembo, malaria ipo. Lakini wavu wenyewe hupunguza upepo, na matundu yakiwa madogo ndivyo unavyozidi kuuzuia. Ukitia wavu juu ya dirisha linalofunguka nusu, hubakiwi na upepo wa kutosha, na watu wakishindwa na joto hufungua wavu, mbu wakaingia. Jambo jingine ambalo wengi hatulijui: mbu wa malaria hupitia sana ule uwazi ulioko kati ya ukuta na paa. Utafiti uliofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa nyumba zilizotiwa wavu milangoni na madirishani na kuzibwa uwazi huo zilipata mbu pungufu kwa nusu hivi, na watoto wenye upungufu wa damu walikuwa wachache zaidi. Ukiziba madirisha ukaacha juu wazi, umefunga mlango mwizi akapitia dari.

Je, kila ukuta wataka dirisha moja? Hasha. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini mashariki, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi. Kaskazi nayo hutoka kaskazini mashariki, Disemba hadi Machi. Basi upande wa baharini ndio wa madirisha makubwa, na lazima kuwe na tundu jingine ukuta wa pili ili upepo upite. Ukiingia usipate pa kutokea, haupiti. Upande wa magharibi ni shauri lingine: jua la alasiri hupiga humo moja kwa moja, na kioo kitupu hulikaribisha. Huko mbao zinafaa zaidi, au upenu mrefu wa kutia kivuli.

Sasa chumvi, adui wetu wa kudumu. Chuma cha kawaida karibu na bahari hushika kutu upesi, mpaka rangi yabambuka. Alumini ni bora kwa hilo, lakini dirisha la ami lina unga mweupe kandokando ya skurubu! Fundi (simtaji) alitumia skurubu za chuma cha kawaida. Waliosoma kemia wanajua: metali mbili zikikutana penye maji ya chumvi huwa kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Ungetumia skurubu zisizoshika kutu, na bado uzitenge kwa kipande cha plastiki. Isitoshe, alisahau kutoboa vitundu vya kutolea maji kwenye reli ya chini. Mvua ya kusi ilipopiga, maji yalijaa relini yakamwagikia godoro la ami. Siku hiyo hakuna aliyesema kitu.

Mbao nazo si zote sawa. Za mwembe ni rahisi lakini mchwa huzipenda. Miimo yetu ya mbambakofi niliichoma kwa msumari mmoja mmoja. Ulipozama kama kwenye muhogo wa kuchemsha, pameoza. Ulipogoma, pazima. Katika madirisha sita, miimo ya manne ni mizima kabisa! Hayo yataka mbawa na bawaba mpya tu. Na heri iwe hivyo, kwa maana kung'oa miimo kwenye ukuta wa chokaa hubomoa na mawe. Ukilazimika, ziba kwa chokaa. Saruji kali huzuia unyevu kutoka ukutani.

Wezi? Luva huchomolewa kibao kimoja kimoja, hivyo zataka vyuma kwa ndani. Ila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo vyuma vyake vinafunguka. Sisi tuna paa la makuti, na moto wa makuti hausubiri.

Ami amekubali nusu. Mbawa mpya nne, luva mbili upande wa baharini, wavu kote hadi chini ya paa. Lake la alumini litabaki, kwa skurubu mpya na vitundu. Nami nimepewa kazi ya kupima. Matundu ya zamani hayakunyooka: moja lina sentimita 118 juu, 119 katikati, 121 chini. Fundi ameniambia niandike 118, nami nimeiandika kwa chaki ukutani asije akasahau.