CHAKULA CHA WAZEE WETU: YALIYO RAHISI KUTENDEKA NYUMBANI

Wananchi wote, na hasa watumishi wa Serikali wanaoishi na wazee wao, wanafahamishwa kuwa mzee hapaswi kupunguziwa kitoweo kwa sababu ya umri. Katika nyumba nyingi hapa Visiwani mzee hupelekewa chai na mkate asubuhi, na jioni vivyo hivyo, ikidhaniwa kuwa tumbo lake halihitaji zaidi. Hiyo ni heshima isiyomfaa. Misuli hupungua kadiri miaka inavyozidi, na mwili usiopata samaki, maharage, mayai au maziwa ya kutosha huishiwa nguvu upesi. Mzee huanguka, na mfupa uliovunjika uzeeni huchelewa kuunga.

Dagaa ndio msaada ulio karibu. Huliwa wazima pamoja na mifupa yao, ambayo ina madini ya chokaa yanayoimarisha mifupa ya mlaji. Asiye na meno atwangiwe dagaa wakavu hadi wawe unga, nao utiwe katika mchuzi wa kunde. Dagaa wa chumvi na ng'onda warowekwe kwanza, na maji yale yamwagwe. Supu ya samaki ni njema, lakini anayempa mzee supu na kuwagawia wengine minofu amempa harufu tu.

Ulimi wa mzee hupungukiwa na uwezo wa kuonja, naye huongeza chumvi. Shirika la Afya Duniani laelekeza chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate. Ndimu, tangawizi, bizari na kitunguu thomu hurudisha ladha bila ya kupandisha shinikizo la damu. Tena ndimu ikikamuliwa juu ya mchicha au kunde huusaidia mwili kupokea madini ya chuma, ilhali chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Chai na ingoje kiasi cha saa moja.

Maji yapelekwe hata yasipoombwa, kwani kiu hupungua uzeeni.

Pencheni Jamii ilianza kutolewa Zanzibar mwezi wa Aprili 2016 kwa wazee waliotimiza miaka 70. Fedha hizo ni za mzee mwenyewe, na kitoweo chake kina haki ya kwanza juu yake.

Mwenye kisukari au maradhi ya figo aonane na daktari kabla ya kubadili chakula. Na anayekusudia kufunga afanye hivyo kabla ya Ramadhani kuandama.