Jua Haki Zako: Binamu Mbele ya Sheria

Ukaribu wa damu kisheria huhesabiwa kwa kupanda na kushuka. Sheria ya Mirathi ya Uganda inaanza na marehemu, inapanda hadi kwa mzazi au babu ambaye pande zote mbili zinatokana naye, kisha inashuka hadi kwa ndugu anayetafutwa. Kila mtu anayepitiwa ni daraja moja. Baba ni la kwanza, babu la pili, baba mdogo la tatu, na mtoto wa baba mdogo, yaani binamu, la nne. Kaka na dada wamo katika daraja la pili, watoto wao la tatu. Mtoto wa binamu ni la tano.

Nyumbani hesabu hiyo haina kazi. Katika familia nyingi za Wakongo, Warundi na Wanyarwanda walioko katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na za Wanyankore wa mji wa Endiinzi pia, mtoto wa baba mdogo ni kaka, na mama mdogo ni mama. Hakuna kosa hapo. Taabu huanzia mezani pa usajili, mtu anapomwandikisha binamu yatima kuwa ni mwanawe wa kumzaa, akidhani asipofanya hivyo mtoto atanyimwa posho.

Hofu hiyo haina msingi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 haiishii kwa mwenzi wa ndoa na watoto wadogo. Inawatambua pia ndugu wanaomtegemea mkimbizi. Binamu anayelelewa katika nyumba anaweza kuandikwa kwenye karatasi ya familia kwa uhusiano wake halisi. Akiwa ni mtoto aliyepotezana na wazazi wake, maofisa wa Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM) na wa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa (UNHCR) humweka katika kundi la watoto waliotengana na wazazi lakini wako na ndugu, na kundi hilo lina ufuatiliaji wake wa ulinzi. Anayemwandika kama mtoto wa kuzaa anamkosesha ufuatiliaji huo, na isitoshe uongo huo unaweza kufichuka miaka mingi baadaye, vipimo vya DNA vinapotakiwa kwenye faili la kuhamia nchi ya tatu. Kanada, kwa mfano, humruhusu mkimbizi aliyefika huko aombe kuletewa mwenzi na watoto wanaomtegemea ndani ya mwaka mmoja, mradi aliwataja kabla ya kusafiri. Binamu hayumo katika nafasi hiyo.

Katika mirathi binamu yuko mbali zaidi. Marekebisho ya Sheria ya Mirathi ya mwaka 2022 yanagawa mali ya asiyeacha wosia hivi: watoto na wajukuu asilimia 75, mjane au mgane 20, ndugu tegemezi 4, na mrithi wa kimila 1. Miongoni mwa ndugu tegemezi sheria inawataja wazazi, kaka na dada, babu na bibi, na wajukuu. Kwa hiyo si busara kwa binamu kulitegemea fungu hilo. Zamu yake huja pale ambapo hakuna mtoto, mjukuu, mjane, mgane wala ndugu tegemezi, kwani hapo mali huwaendea ndugu wa daraja la karibu zaidi waliobaki, na ndipo hesabu ya kupanda na kushuka inapoamua. Mwenye duka Endiinzi anayetaka binamu yake apate chochote inambidi aandike wosia na kuutia saini mbele ya mashahidi wawili. Binamu huyo asiwe shahidi, maana anayeshuhudia wosia hupoteza alichoachiwa ndani yake. Shamba alilopewa mkimbizi Nakivale ni jambo jingine: ni la kutumia, si la kuuza, na wosia haulifanyi kuwa mali yake.

Kwenye ndoa, sheria haiwaangalii mabinamu wote kwa jicho moja. Orodha ya makosa ya zinaa ya maharimu katika Kanuni ya Adhabu inataja mtoto wa baba mkubwa au mdogo na mtoto wa mama mkubwa au mdogo. Mtoto wa mjomba na wa shangazi hawamo. Hata hivyo ndoa ya kimila ni batili ikiwa mila ya upande mmoja inaikataza, hata kama upande wa pili unaipenda. Katika eneo ambalo Mnyarwanda anaweza kumposa Mnyankore, wazee wa pande zote mbili waulizwe kabla ya mahari kutolewa. Ndoa za Kiislamu zina sheria yake.

Anayetaka kurekebisha uhusiano ulioandikwa vibaya aende mwenyewe ofisi ya OPM ya Base Camp, Nakivale, akiwa na karatasi ya familia na barua ya kiongozi wa kijiji chake. Huduma za OPM na UNHCR hazilipiwi. Anayedai fedha ili aongeze au afute jina la binamu anavunja sheria, na aripotiwe.