Vidole Visomavyo

Fundi viatu wa Mwembesongo, hapa Morogoro, hutoboa ngozi kwa msharasi. Chombo cha namna hiyo ndicho kilichompofusha Louis Braille wa Ufaransa, mtoto wa fundi ngozi, alipokuwa na umri wa miaka 3. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alibuni maandishi ya nukta nundu. Nayo huandikwa kwa kalamu ya chuma, ndugu yake msharasi.

Tulikwenda Dar es Salaam kukitazama kiwanda cha vitabu hivyo, katika Shule ya Uhuru Mchanganyiko. Wino hautakiwi: karatasi nene hubonyezwa, nukta zikatokeza upande wa pili. Nukta 6 tu, kwa mipangilio 63, zatosha herufi, tarakimu na alama. Lakini hutaka nafasi kubwa, hata kitabu kimoja cha kawaida huwa majuzuu kadhaa.

Nacho chafaa nini, ikiwa msomaji wake amefichwa nyumbani? Bartimayo kipofu alipopaza sauti, watu walimkemea anyamaze. Bwana wetu akaagiza aitwe. Wazazi Wakristo, tusiwe sisi kundi lile. Mtoto asiyeona naye apelekwe shule.