Dondoo muhimu: Kurudia kiko, Asembo Bay

Kiko kilicholala kabatini miaka mingi kisafishwe kwanza. Kwangua masizi, ubakishe unene wa sarafu tu, kisha pitisha kwenye mrija kijiti chenye pamba iliyoloweshwa spiriti, kikauke usiku kucha. Tumbaku ijazwe kwa tabaka: chini ilegee, juu ikazwe kidogo. Vuta polepole, bila kumeza moshi. Kikipata moto mkononi, kiweke chini kipoe.

Wenzako wa kuvuta nao huwapati kwa tangazo. Kiko, ambacho Wajaluo hukiita kwesi, kilivutwa na wazee wa kiume na wa kike, basi anza kwa kuwauliza hao, ukiwa na tumbaku ya kugawana. Asubuhi ni bora. Alasiri upepo wa ziwa huchochea moto na kuunguza ulimi. Ufukweni kaa mbali na nyavu za nailoni na madumu ya petroli.

Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuvuta mahali pa umma, faini ikifika shilingi 50,000. Kwa hiyo boma la mwenzako, kwa ruhusa yake, ndiyo klabu yenyewe. Ila aliyeachishwa na daktari asirudi kabisa: kiko huleta saratani ya mdomo hata kwa asiyemeza moshi.