Omba Nyongeza Kama Yakobo

Somo: Mwanzo 30:25–36

Kabla niingie huduma nilikuwa nimeajiriwa. Siku moja nikaenda kwa bosi kuomba nyongeza, nikamwaga shida zangu zote: kodi ya nyumba, karo, nauli. Alinihurumia sana. Lakini nilitoka bila kitu.

Sasa mwangalie Yakobo. Alikuwa na familia kubwa ya kulisha, lakini hakuanza na shida. Alianza na kazi: alimkumbusha Labani jinsi mifugo ilivyokuwa michache kabla yeye aje, na jinsi ilivyoongezeka. Labani mwenyewe alikuwa ameshakiri hivyo. Halafu Yakobo akaitisha malipo yanayokua pamoja na kundi: mbuzi na kondoo wenye madoadoa. Kundi likizaa, wote wawili wanapata.

Lakini Labani alikuwa mjanja. Siku hiyo hiyo aliwaondoa wenye madoadoa, akawapa wanawe. Baadaye Yakobo alisema mshahara wake ulibadilishwa mara 10 (Mwanzo 31:7). Kwa hivyo mkikubaliana, andikeni. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Kuitisha karatasi si kukosa imani.

Na wewe uliyeajiri, hata kama ni dada wa kazi mmoja tu nyumbani, soma Wakolosai 4:1. Usingoje akuombe.

Zoezi la wiki: andika mambo 3 ambayo kazi yako imeongeza hapo ulipo. Yaombee. Kisha itisha nafasi ya kuongea na bosi. Amina.