Mbao za kiangazi zisikimbizwe

Mvua zikikatika na vumbi likaanza kuinuka kwenye barabara ya Muyinga hadi mpakani Kobero, mwenye mikaratusi hunoa msumeno. Hakosei. Ila hewa hii ya kiangazi, Warundi wanachokiita ici, ina hila kwa aliyejijengea kibanda cha nailoni cha kukaushia mbao.

Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60, ikipashwa hadi nyuzi 40 bila kuongezewa maji, unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 19. Ubao mbichi ukikutana na hewa hiyo, ngozi husinyaa wakati moyo ungali umelowa, na nyufa hufuata. Mkaratusi ndio mkorofi zaidi: mbali na kupasuka, hubonyea ndani kwa ndani hadi uso ukawa na mawimbi. Mgrevilea wa kwenye kahawa na mipaka ya mashamba ni mpole kidogo.

Basi kivuli kwanza. Mbao hupangwa juu ya magogo chini ya paa, zikitenganishwa kwa vijiti vya sentimita 2.5 kila nusu mita, kijiti juu ya kijiti, na ncha zake hupakwa rangi. Hukaa hapo hadi unyevu ufike karibu asilimia 30. Mizani ya jikoni inatosha kupima: kipande cha gramu 650, kikikaushwa kwenye jiko la kuokea lisilozidi nyuzi 105 mpaka uzito ugome kwenye gramu 500, kilikuwa na maji ya asilimia 30.

Ndani ya kibanda, fundi hutundika vipimajoto viwili, kimoja kikivishwa kitambaa kinachonyonya maji kikombeni, mahali feni inapovipulizia. Siku za mwanzo, hewa ikiwa nyuzi 35, kile chenye kitambaa kisome 31 hivi. Pengo likipanuka, matundu yafungwe na sakafu imwagiwe maji. Likibanwa mno na nailoni ikatoa jasho, matundu yafunguliwe kabla ukungu haujaota. Mwishoni, kwa nyuzi 45, pengo la nyuzi 10 halina ubaya. Jiko la mkaa lisiingie humo kamwe. Wenye haraka hulijaribu, na maranda ni petroli.

Usiku feni izimwe na kila tundu lizibwe. Gitega na Muyinga ziko nyanda za juu, baridi ya Julai inajulikana. Hewa ikipoa unyevu wake hupanda, ngozi ya ubao hulainika na mvutano hupungua. Mwenye kuacha matundu wazi usiku kucha hujinyima dawa ya bure.

Mbao za samani zitolewe zikifika asilimia 12, kabla mvua za Septemba hazijarudi. Hewa ikikaa kwenye unyevu wa asilimia 80, zilizoachwa barazani zitapanda tena hadi 16, kwa hiyo chumba cha kuzihifadhi kiwe tayari kabla ya kibanda kufunguliwa.